Kelele ya Kelvin 3.5 Iliyokataa Kuondoka

Leo tuweke programu kando, tuzungumze juu ya kelele. Si ya matatu, bali ile "shhh" ya redio iliyokosa stesheni.

Kila kitu chenye joto hutoa kelele hiyo, hata amplifaya yenyewe. Ndiyo maana wahandisi huipima kwa Kelvin, kama joto. Ukitaka kunasa mawimbi hafifu ya maikrowevu, inasaidia sana amplifaya yako ikiwa baridi kupindukia.

Maabara ya Bell kule Holmdel, New Jersey, Marekani, ilikuwa na amplifaya ya namna hiyo, iitwayo meiza, iliyopozwa kwa heliamu ya kimiminika. Mwaka 1960 iliunganishwa na antena yenye umbo la pembe ili kupokea mawimbi yaliyorudishwa na setilaiti ya Echo. Mhandisi Ed Ohm alijumlisha kelele ya kila kipande cha mtambo, akapata Kelvin 18.9. Lakini mtambo mzima ulisoma 22.2! Kwa kuwa vipimo vyake vingeweza kukosea kwa Kelvin 2 au 3 hivi, ziada ile ilimezwa humo. Aliichapisha mwaka 1961, mambo yakaishia hapo.

Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson walitumia antena ile ile. Wao waliongeza kifaa cha kulinganishia, kilichopozwa kwa heliamu, ambacho joto lake lilijulikana vizuri. Swichi ikawa inageuzwa: antena, kifaa, antena, kifaa. Kelele ya amplifaya imo kote kuwili, kwa hiyo ukilinganisha inajifuta yenyewe.

Antena ikitazama juu wima, walipata Kelvin 6.7. Hewa ilichangia 2.3, antena yenyewe na ardhi, 0.9. Je, 3.5 zilizobaki zilitoka wapi? Waliwafukuza njiwa waliojenga kiota ndani ya antena, wakasafisha kinyesi, wakaziba maungio kwa utepe. Wapi! Kelele ilibaki, popote walipoielekeza antena.

Mwaka 1965 jibu lilitoka Princeton, kwa kikundi cha Robert Dicke, yule yule aliyeeleza mbinu ya swichi mwaka 1946. Yalikuwa mabaki ya joto la Mlipuko Mkuu. Penzias na Wilson wakapata Nobel mwaka 1978.

Ohm hakuwa mzembe, jamani. Kelele ile ile ilipita mikononi mwake. Alichokosa ni kifaa cha kulinganishia. Siku nyingine programu yako ikitoa jibu lililopishana kidogo tu na hesabu yako, usikimbilie kulikadiria. Tafuta kwanza cha kulilinganisha nacho.

Tuonane tena.