Majina ya Mimea katika Kitabu cha Ubatizo



Siku hizi wazazi vijana wanapofika parokiani kuandikisha watoto wao kwa ajili ya ubatizo, tunasikia majina ambayo makatekista waliotutangulia hawakuyazoea: Yasmini, Mrehani, Melisa, Olive, hata Sinda, lile jani la kutia harufu katika chai. Baadhi ya wazee wa jumuiya zetu hukunja uso na kuuliza: je, tunabatiza watoto au tunapanda bustani? Swali hilo si la mzaha. Tumeona vema kulijibu kwa njia ya historia, kwa maana mji wetu wa Kisangani umepita katika mikono mingi, na kila mkono ulitaka kutupatia majina.

Tuanze na wenyeji wa mto. Walokele walikuwa na ngoma ya mti yenye sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Neno fupi likipigwa peke yake lingeweza kuchanganywa na maneno mengine. Kwa hiyo kila kitu kilipewa jina refu la kukitambulisha. John Carrington, mmisionari wa Kibaptisti aliyeishi Yakusu, karibu na mji wetu, aliyaeleza hayo katika kitabu alichochapisha mwaka 1949. Humo tunajifunza kwamba ndizi ilitajwa kuwa ndizi ya kuegemezwa kwa mti, na muhogo kuwa muhogo unaobaki katika shamba lililopumzishwa. Watu nao walikuwa na majina yao ya ngoma, yaliyobeba pia jina la baba. Mtu na mmea walitajwa kwa namna moja: kwa kueleza hali yao hapa duniani. Kwa wazee hao, kumtaja mtu pamoja na majani ya nchi hakukuwa kumdharau.

Kisha wakaja watu wa pwani. Mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo, na Kiswahili tunachosali nacho leo kilikuwa kimekwisha kutia mizizi kandokando ya maporomoko. Pwani walipenda majina yenye harufu njema: Waridi, Yasmini, Rehani. Lakini historia yatuonya tusiyapokee kwa macho yaliyofumbwa. Katika nchi za Waarabu tangu zamani, majina ya manukato na ya vito yalipewa mara nyingi watumwa. Kafuri, aliyeitawala Misri mpaka kufa kwake mwaka 968, alikuwa amenunuliwa sokoni, na jina lake ni la ule utomvu mweupe wa mkafuri. Jina zuri laweza kunukia huku likimkumbusha mtu kila siku kwamba si mali yake mwenyewe. Kwa hiyo tusiulize tu jina lina maana gani. Tuulize pia nani amelitoa, na kwa moyo gani.

Mwaka 1897 alifika Padri Gabriel Grison, wa shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, akaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Tangu hapo vitabu vyetu vya ubatizo vilijaa akina Joseph, Albert, Marguerite na Hortense. Wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba Kanisa lilikataza majina ya mababu. Tukisoma Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 761, tunakuta jambo jingine. Paroko aliagizwa kuhakikisha kwamba mbatizwa anapewa jina la Kikristo. Asipofaulu, aongeze jina la mtakatifu juu ya lile walilolitoa wazazi, na yote mawili yaandikwe kitabuni. Yote mawili! Sheria haikuamuru kufuta. Kufuta kulikuwa desturi ya mikono iliyoshika kalamu.

Halafu mkono mwingine ukashika kalamu hiyo. Mwezi wa Oktoba 1971 nchi yetu iliitwa Zaire, na mwezi wa Januari 1972 Joseph-Désiré Mobutu akajiita Mobutu Sese Seko. Raia wote walilazimishwa kuacha majina ya kigeni, na padri aliyethubutu kuyatoa katika ubatizo alitishiwa adhabu. Mwadhama Kardinali Malula alipinga kulazimishwa huko. Akanyang'anywa makao yake, na mwezi wa Februari 1972 akaondoka kwenda Roma, akakaa huko miezi kadhaa. Tukumbuke kwamba Malula hakuwa adui wa utamaduni wetu. Ni yeye aliyejitahidi kuliko wengi ili Misa iadhimishwe kwa moyo wa Kiafrika, mpaka Roma ikaidhinisha ile Misa ya Zaire mwaka 1988. Alilolikataa ni serikali kuingia ndani ya dhamiri ya mtu na kuchagua ataitwaje.

Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka huo tulikua na majina mawili yasiyoonana: moja la darasani, jingine la kanisani lililotamkwa kwa sauti ya chini. Mwaka 1990 chama kimoja kilipoacha kutawala peke yake, majina ya ubatizo yalirudi barazani. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilikuwa imekwisha kuweka mpaka mmoja wa busara: jina lisivunje maadili mema, wala lisiwe la matusi, la kudhalilisha au la uchokozi.

Je, imani yetu yasemaje? Tufungue Biblia. Hadasa, jina la kwanza la malkia Esta, ni mti wa mhadasi. Tamari ni mtende. Susana, mwanamke mwadilifu wa kitabu cha Danieli, ni yungiyungi. Kesia, binti wa pili wa Ayubu baada ya mateso yake, ni gome lenye harufu, ndugu wa mdalasini. Roda, mjakazi aliyesahau kumfungulia Petro mlango kwa sababu ya furaha, ni waridi. Huko Lima, Peru, msichana aliyebatizwa Isabel mwaka 1586 aliitwa Rosa na watu wa nyumbani mwake. Mwaka 1671 Kanisa likamtangaza Mtakatifu Rosa. Hata neno rozari latoka katika neno la Kilatini lenye maana ya bustani ya mawaridi. Na Kanisa Kuu letu, kando ya mto, limewekwa chini ya Bikira Maria wa Rozari.

Tunaye pia Mwenye Heri wetu. Baadhi ya vijana hudhani jina Marie-Clémentine latokana na lile tunda dogo la jamii ya chungwa. Sivyo: jina hilo ni la Kilatini, lenye maana ya upole na huruma, na tunda ndilo lililopewa jina la mtu, Bruda Clément, mtawa aliyekuwa Misserghin huko Algeria. Lakini Anuarite Nengapeta ni majina ya nyumbani, ya msitu wa Wamba. Kabla ya tarehe 15 Agosti 1985, alipotangazwa Mwenye Heri mjini Kinshasa, hakuna kalenda ya watakatifu iliyoyajua. Leo wazazi huwabatiza binti zao Anuarite. Jina halikumtakasa yeye. Yeye ndiye aliyelitukuza jina kwa damu yake.

Baada ya kusema hayo yote, tunawiwa kukiri kosa letu. Miaka mingi iliyopita tulikuwa tukiandika watoto wa ubatizo katika parokia moja, na mama mmoja akamleta binti yake kwa jina la Kongobololo, yale majani machungu tunayoyajua sote. Alikuwa amezika watoto wawili kabla ya huyo. Alitueleza kwamba amempa huyu jina chungu ili kifo kikimwonja kimteme. Hatukumsikiliza. Tuliandika Rose, tukaliacha jina la mama nje ya kitabu. Yeye akatutazama, akasema kwa upole: «Mwalimu, na Rose si mti? Tena wenye miiba.» Tulicheka, tukafunga kitabu.

Binti huyo hakufa. Alikua, akasoma, akachumbiwa. Alipokuja kuomba cheti cha ubatizo kwa ajili ya ndoa, vyeti vyake vyote vya shule vilikuwa na jina la mama yake, na kitabu chetu hakikumtambua. Ilibidi watafutwe mashahidi, na ndoa ikacheleweshwa. Tulilolifanya lilikuwa pungufu hata kuliko ile sheria ya zamani, iliyotaka majina yote mawili. Mama yule alikuwa amesali kwa jani. Sisi tukaiona sala yake kuwa uchafu wa kufuta.

Kanuni ya 855 ya Sheria ya mwaka 1983 yatuomba jambo moja tu: wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo geni kwa moyo wa Kikristo. Basi wazazi wakifika na jina la mmea, tuwaulize kwa heshima maswali matatu. Jina hili lina habari gani nyumbani kwenu? Je, mtoto ataweza kulibeba shuleni na kazini bila aibu? Nanyi mtamfundisha nini kwa njia yake? Asiyeweza kujibu, aliyelichukua kwa sababu tu limesikika zuri katika simu, tumsaidie kutafakari zaidi, na tumwoneshe Kesia na Susana. Anayejibu, tuandike jina lake kwa herufi zilizo wazi, na karibu nalo jina la mtakatifu ikiwa wazazi wanapenda.

Kongobololo Rose ni mama sasa. Alipoleta mtoto wake wa kwanza kwa ubatizo, tulimuuliza jina, tukangoja mpaka alipomaliza kulieleza, ndipo tukaandika.