Mashauri ya Talaka Hayakuanza Uzunguni



Kila ndoa ya mtu wetu inapovunjika huku ughaibuni, husikosi kusikia: "Ati anakwenda kwa mshauri, anamhadithia Mzungu siri za nyumbani!" Utadhani kutafuta ushauri wakati wa talaka ni maradhi tuliyoyapata kwenye baridi. Hebu tuitazame historia yetu wenyewe.

Kurani, Sura An-Nisaa aya ya 35, inaelekeza kwamba ikihofiwa mume na mke watafarakana, ateuliwe mwamuzi mmoja katika jamaa za mume na mmoja katika jamaa za mke. Mwambao ulikuwa na ngazi zake pia. Mke alianza kwa somo yake, yule aliyemfunda kabla ya harusi. Kisha wakaitwa wazee wa pande mbili. Yakishindikana, ndipo kwa kadhi, naye kazi yake haikuwa kuhukumu tu, bali kusikiliza na kusuluhisha.

Chini ya Waingereza makadhi walibaki, ila mamlaka yao hatimaye yakabanwa hadi ndoa, talaka na mirathi. Kenya iliwaweka ndani ya katiba tangu uhuru mwaka 1963, na katiba ya 2010 inawatambua katika ibara ya 170. Bi Susan Hirsch alitafiti mahakama hizo Mombasa na Malindi miaka ya 1980. Katika kitabu chake cha 1998 anaonyesha kuwa wanawake ndio waliopeleka mashauri mengi, na mara nyingi walishinda. Kumbe ile picha ya mwanamke wa Kiswahili anayemeza kila kitu kimya haijakamilika!

Tanzania Bara nayo iliuandika usuluhishi katika Sheria ya Ndoa ya 1971. Kwa kifungu cha 101, ukiacha hali chache maalumu, huwezi kuomba talaka mahakamani mpaka shauri lipite Baraza la Usuluhishi la Ndoa, nalo lithibitishe kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, wasiozidi watano. Na hao Waingereza je? Chama chao cha ushauri wa ndoa, kilichoitwa Relate kuanzia 1988, kilianzishwa 1938 tu.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Lengo la vikao vyetu lilikuwa sulhu, yaani ndoa isimame. Mara ngapi mwanamke aliyepigwa aliambiwa "vumilia, mwanangu"? Na mwanamume alikuwa na nani? Somo hakuwa wake. Alipewa nasaha barazani, akaambiwa ajikaze, basi. Mshauri wa leo haulizi tu kama ndoa itapona. Anauliza wewe utaponaje, na watoto wataelezwa nini.

Mie naona tulichopoteza huku si hekima, ni watu. Mama anayekaa eda peke yake ghorofa ya tisa, bila shangazi wala jirani wa kubisha hodi, hajaiacha mila akienda kwa mshauri. Anamtafuta somo aliyemwacha ng'ambo. Tukimcheka, basi angalau mmoja wetu ajitolee kuwa somo yake.

Wenye kujua ya Lamu, Barawa na Ngazija watuongezee.

Wasalaam.