"Upungufu wa Damu" ni Upi? Historia Fupi ya Istilahi Tatu za Tiba

Maneno "upungufu wa damu" yamekwisha kuzoeleka kwa maana ya anemia, yaani damu ya mwili mzima kuwa hafifu. Mfasiri akiyatumia pia kwa iskemia hupotosha, kwani hapo damu yaweza kuwa tele, ila njia ya kufika kiungoni imezibwa.

Mwaka 1628, William Harvey wa Uingereza alieleza kwamba damu huzunguka mwilini ikisukumwa na moyo. Katika miaka ya 1840 na 1850, Rudolf Virchow wa Ujerumani alionyesha kwamba damu iliyoganda yaweza kung'oka, ikachukuliwa na mkondo hadi kuziba mshipa wa mbali. Istilahi zake alizijenga kwa maneno ya kawaida ya Kiyunani: "trombosi" yatokana na donge, "emboli" na kizibo, na "iskemia" na kuzuia damu.

Moyo wenye kasoro, kama vile vali iliyobanwa au mapigo yaliyovurugika, hutuamisha damu ndani yake, nayo huganda. Kipande kikitoka na kuziba ateri ya mguu, mguu huuma ghafla, hupauka, hupoa na kufa ganzi. Tangu mwaka 1963, Thomas Fogarty wa Marekani alipotangaza mrija wake wenye kiputo, madaktari wa upasuaji wameweza kulivuta donge hilo nje. Lakini muda ni mfupi: yapata saa 6 tu.

Sasa tutazame Karatu na Ngorongoro. Mmasai wa Endulen, Mwiraqw wa Karatu na Mdatoga wa bonde la Eyasi, kila mmoja ana lugha yake. Kiswahili ndicho kiwakutanishacho na mganga. Kutoka Karatu hadi hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, ni zaidi ya kilomita 200. Mgonjwa wa mguu wa namna hii akielezwa kuwa ana "upungufu wa damu", jamaa zake watafikiria vidonge vya kuongeza damu, na huku saa zinapita.

Kwa hiyo yafaa tutenganishe: "donge la damu" kwa lililoganda mahali pake, "kizibo cha damu" kwa lililosafiri, na "mzuio wa damu" kwa iskemia. "Upungufu wa damu" ubaki kwa anemia peke yake. Virchow alichota katika maneno ya kawaida. Nasi tunayo yetu.