Jina na Kinachotajwa: Nachingwea, Ruangwa na Istilahi ya Rejeo

Msomaji wa majalada ya miaka ya 1947 hadi 1951 atakuta Nachingwea ikitajwa kwa maana ya mashamba ya mpango wa karanga wa Waingereza, katika Jimbo la Kusini. Katika habari za FRELIMO kabla ya mwaka 1975, Nachingwea ni kambi ya wapigania uhuru. Mkoa wa Lindi ulipoundwa mwaka 1971, Nachingwea ilitoka Mkoa wa Mtwara. Na Ruangwa ilipofanywa wilaya mwaka 1995, Nachingwea ikapungua eneo. Jina halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni kile linachokielekea, na karani asiyeuliza tarehe ya jalada atajumlisha visivyojumlishika.

Istilahi tunayoijadili, rejeo, ina tabia iyo hiyo. Katika programu za kutunza matoleo, mathalani Git iliyoanza mwaka 2005, rejeo ni jina fupi linaloelekeza kwenye hali moja ya kazi iliyohifadhiwa. Hali yenyewe hutambulishwa kwa mfuatano mrefu wa tarakimu na herufi ambao hapana awezaye kuukariri. Tawi ni rejeo linalosogea kila kazi mpya inapohifadhiwa. Alama ni rejeo lisilotarajiwa kusogea. Kwa kipimo hicho, "Wilaya ya Nachingwea" ni tawi, na "Nachingwea ya mwaka 1967" ni alama. Mfasiri akiziita zote mbili kwa neno moja amempotosha msomaji wake.

Taabu huzidi majina yakiwa maelfu. Hapo awali kila rejeo liliandikwa katika faili lake, mithili ya masjala yenye karatasi moja katika kila jalada. Kutafuta kukawa kazi. Ndipo yakakusanywa katika orodha moja iliyopangwa kwa alfabeti. Lakini jina likisogezwa huandikwa tena pembeni, na karatasi ya pembeni ndiyo inayoaminiwa. Na kufuta jina moja tu hulazimu orodha nzima iandikwe upya! Toleo la 2.45 la Git, la mwaka 2024, lilileta njia ya majedwali: mabadiliko huandikwa katika jedwali dogo juu ya yaliyotangulia, kisha baadaye huunganishwa.

Kwa tendo la kukusanya marejeo katika orodha moja, sisi tunapendekeza "kufungasha". Wako wanaopenda "kupakia", ila neno hilo limekwisha shikwa na kazi ya kupeleka mafaili kwenye mtandao.