Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki

Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyojulikana zaidi kwa herufi EAMWS, ilikuwa jumuiya ya hisani iliyoasisiwa Mombasa mwaka 1945 kwa rai na himaya ya Aga Khan wa Tatu, Sultan Mohamed Shah, kwa makusudio ya kuinua hali ya Waislamu, hususan Waafrika, katika elimu na maisha, bila ya kubagua madhehebu.

Mali yake ilipatikana kwa utaratibu mwepesi: kila shilingi iliyochangwa na Waislamu wengine, Aga Khan aliiongezea shilingi ya pili, na kwa fedha hizo zikajengwa misikiti, madrasa na skuli. Nchini Uganda, miongoni mwa nguzo zake alikuwa Mwanamfalme Badru Kakungulu wa Kibuli.

Katika mwambao wa Ziwa Viktoria jumuiya iliwakuta Waislamu ambao wengi wao waliipokea dini kutokana na wafanyabiashara waliotoka pwani kwa njia ya Tabora.

Makao makuu yalihamishiwa Dar es Salaam mwaka 1961, na baadaye Tewa Said Tewa akawa rais wake. Mwaka 1968 ulizuka mfarakano, ukianzia Bukoba, kando ya Ziwa Viktoria. Mwezi Desemba mwaka huo serikali ya Tanzania iliipiga marufuku jumuiya, na mali zake zikakabidhiwa BAKWATA, baraza lililoundwa Iringa mwezi huohuo.