Mkato wa Dola Milioni 5

Sisi tuliosomea uhandisi ughaibuni tulizoea kuchunga desimali; mikato tuliwaachia watu wa fasihi. Kumbe!

Mwaka 1893 Horace Hart, msimamizi wa kiwanda cha chapa cha Chuo Kikuu cha Oxford, alianza kuwaandikia mafundi wake kanuni. Desturi ya Oxford ni kutia mkato kabla ya kiunganishi cha mwisho katika orodha. Magazeti mengi ya Kiingereza huuacha.

Katika jimbo la Maine, Marekani, sheria iliorodhesha kazi za vyakula zisizostahili nyongeza ya saa za ziada, ikaishia "kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza", bila mkato kabla ya "au". Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst wakasema: sisi tunasambaza, hatufungashi. Kampuni ikadai kusambaza ni kazi ya peke yake. Machi 2017 mahakama ya rufaa ikaona sheria ina utata, ikawaunga mkono madereva. 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.

Wengi wetu hapa tunaishi kwa saa hizo za ziada, na mikataba ni ya Kiingereza.

Bunge la Maine halikungoja: 2017 hiyohiyo lilitia nukta-mkato kati ya kazi na kazi, hata kabla ya "au".