Mapumziko ya gharama nafuu Karagwe na Kyerwa: jinsi ya kupata mahali padogo na patulivu

Kila Desemba inapokaribia, swali moja hurudi: mtu mwenye siku tatu au nne za likizo na fedha kidogo aende wapi akapumzike? Wengi wetu tukisikia neno utalii tunawaza Serengeti, Kilimanjaro au fukwe za Zanzibar. Tukipiga hesabu ya nauli, chumba na kiingilio tunakata tamaa. Wengine hugusa fedha za ada ya Januari, wakajuta shule zinapofunguliwa.

Katika makala haya tunaeleza njia nyingine: kutafuta mahali padogo, pasipotajwa sana, palipo karibu. Tunataja maeneo ya wilaya za Karagwe na Kyerwa, wakati mzuri wa kwenda, namna ya kupiga hesabu na mambo ya kuangalia ili mapumziko yasigeuke kuwa matatizo.

Kwa nini mahali padogo hugharimu kidogo

Jambo hili haliko kwetu peke yetu. Kwenye milima ya Alps huko Ulaya, watu huenda wakati wa baridi kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zinazofungwa miguuni. Miji mikubwa ya mchezo huo ina hoteli nyingi, mitambo ya kuwapandisha watu mlimani, umati na bei za juu. Ndiyo maana wenye kipato cha kawaida hutafuta vijiji vidogo. Mwaka 2008 chama cha wapanda milima cha Austria kilianzisha mpango wa kuvitambua vijiji vya milimani vilivyoamua kubaki vidogo. Havijengi mitambo mikubwa. Mgeni hulala kwa wenyeji, hutembea kwa miguu na hula chakula cha pale.

Sisi hatuna theluji hapa. Ya karibu iko juu ya Kilimanjaro na Rwenzori, nayo inazidi kupungua. Lakini kanuni ni ileile. Penye jina kubwa unalipia jina pamoja na umati. Mahali padogo gharama kubwa huwa ni usafiri tu, na ukichagua palipo karibu nawe, hiyo nayo hupungua.

Bweranyange: makao ya Omukama

Bweranyange, wilayani Karagwe, palikuwa makao ya watawala wa ufalme wa Karagwe. Novemba 1861 wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walipokewa na Omukama Rumanyika. Speke aliendelea na safari kwenda Buganda Januari 1862. Grant alibaki miezi kadhaa kwa sababu ya kidonda cha mguu. Kwa maneno mengine, Mzungu wa kwanza kukaa muda mrefu Karagwe alikuwa mgonjwa aliyehifadhiwa na wenyeji.

Kutoka kilimani walikuwa wakiona ziwa dogo lililowakumbusha ziwa moja la kwao, na Speke akaliita Windermere Ndogo, ingawa wenyeji walikuwa na jina lao tayari. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley naye alimtembelea Rumanyika.

Leo usitegemee kukuta jumba kubwa. Utakuta vilima, upepo, migomba na wazee wanaoijua historia ya koo zao. Hapa panamfaa anayependa kutembea taratibu na kusikiliza. Tafuta mwenyeji akuongoze, mpe chochote kwa muda wake, na usiokote wala kununua kitu cha kale. Vitu vingi vya falme zetu viliondoka nchini zamani. Vilivyobaki vibaki.

Mtagata: maji ya moto Kyerwa

Chemchemi za maji moto za Mtagata ziko wilayani Kyerwa. Stanley alifika hapo mwaka 1876 na kukuta watu wakizitumia kama tiba. Hata jina linajieleza: katika lugha za ukanda huu, kutagata ni kuwa na joto. Ng'ambo ya mpaka, magharibi mwa Uganda, kuna chemchemi nyingine iitwayo Kitagata.

Maji hayo hupashwa joto chini ya ardhi. Mvua huzama ndani ya miamba, hukutana na joto la chini, kisha hupanda tena kupitia nyufa. Yakiwa njiani huchukua madini, ndiyo maana harufu na ladha yake si ya maji ya kisima.

Kuoga maji ya moto hulegeza misuli na kuondoa uchovu, na hilo si dogo kwa mtu aliyeshinda na jembe mwaka mzima. Lakini hapa tunaomba usikilize vizuri. Hayatibu Ukimwi, kisukari, shinikizo la damu wala kifafa. Anayetumia dawa za kila siku aende nazo, azinywe kwa wakati wake na arudi nazo. Tusimwache ndugu yetu aache dawa kwa sababu amejisikia vizuri siku mbili. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo waulize kwanza kituo cha afya. Pima joto kwa mkono kabla ya kuingia, na usimwachie mtoto mdogo ajiogeshe mwenyewe.

Hifadhi mbili zisizo na foleni

Mwaka 2019 mapori ya akiba yaliyokuwa yakifahamika kama Rumanyika na Ibanda yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa. Hifadhi ya Rumanyika-Karagwe ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 250, na Ibanda-Kyerwa karibu 300. Ni ndogo sana ukizilinganisha na Burigi-Chato, iliyopandishwa hadhi mwaka huohuo, ambayo inazidi kilomita za mraba 4,700.

Rumanyika-Karagwe ni hifadhi ya milima na mabonde. Ibanda-Kyerwa iko kwenye kona ambapo Tanzania, Rwanda na Uganda hukutana, mahali ambapo mto Kagera unageuza mwendo wake kuelekea mashariki. Kuna swala wa aina mbalimbali, nyati, nyani na ndege wengi, na mtoni kuna viboko na mamba.

Zote mbili zinasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, TANAPA. Kabla ya kwenda, pita ofisi ya hifadhi au piga simu uulize mambo manne:

- Kiingilio ni shilingi ngapi kwa mtu mzima na kwa mtoto? Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo kuliko wageni wa mbali, na watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi.
- Kodi ya ongezeko la thamani imo ndani ya bei hiyo, au inaongezwa?
- Nitatembeleaje ndani? Bodaboda si chombo cha kukutana nacho na nyati. Mkiwa kikundi, kukodi gari moja na kuchangia ni nafuu zaidi.
- Barabara za ndani zinapitika wiki hii?

Malipo hufanywa kwa ile namba ya malipo ya serikali unayopewa, unalipia benki au kwa simu. Usimpe mtu fedha mkononi, na tunza risiti yako.

Kijijini kwa mwenyeji

Mapumziko ya bei ndogo kuliko yote huenda yapo kwenye kijiji cha mtu unayemfahamu, lakini si chako. Mtu wa Nkwenda akienda siku tatu upande wa Nyaishozi, au wa Kayanga akaenda Murongo kuutazama mto, tayari amebadilisha hewa. Utakaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, utakula ndizi na maharage, na jioni utasikia habari mpya. Ukienda wakati wa senene, karibu na Novemba, utakesha kwa furaha, ingawa si kwa utulivu.

Wakati gani uende

Kwetu mvua kubwa za mwaka huwa Machi hadi Mei, na nyingine huanza Septemba au Oktoba hadi Desemba. Juni hadi Agosti ndio ukame. Njia hupitika vizuri zaidi, ila vumbi ni jingi na usiku juu ya vilima kuna baridi, beba sweta. Januari na Februari mvua hupungua, na wageni wa sikukuu wanakuwa wameshaondoka. Kwa anayetaka utulivu na bei ya chini, hiyo ndiyo miezi ya kuifikiria. Wiki ya Krismasi ni ghali kila mahali, kuanzia nauli hadi chumba.

Barabara ya kutoka Kyaka hadi Bugene ni ya lami. Ukiiacha barabara kuu, nyingi za vijijini ni za udongo, na mvua ikinyesha zinateleza. Panga kufika kabla ya giza.

Kupiga hesabu kabla ya kuondoka

Chukua karatasi uandike mistari saba: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, chumba, chakula, kiingilio, mwongozaji na dharura. Watu wengi husahau nauli ya kurudi na dharura. Hiyo ya dharura isiguswe. Weka angalau nauli moja kamili ya bodaboda hadi kituo cha afya kilicho karibu, hata kama ni usiku.

Kuhusu chumba, uliza bei ya usiku mmoja na ya siku tatu, kwa sababu ya siku nyingi hupungua. Uliza kama chai imo, kama kuna maji ya kuoga na chandarua. Mbali na gesti za Kayanga, Omurushaka na Nkwenda, ulizia ofisi za parokia na usharika, kwani baadhi ya makanisa huwa na vyumba vya wageni vya bei ya wastani na vyenye utulivu. Kama unataka usingizi, uliza pia jirani kuna nini. Chumba cha bei rahisi kilichopakana na baa hakina mapumziko.

Kwa bodaboda, patana kabla ya kupanda, na mpatane kwenda na kurudi. Ukishuka porini bila mapatano ya kurudi, bei ataipanga yeye.

Utaratibu na usalama

Hizi ni wilaya za mpakani. Tembea na kitambulisho cha taifa, na ukilala kijijini, mwenyeji wako akupeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji akutambulishe. Dakika kumi za salamu zinakuondolea maswali ya siku nzima. Usivuke mto kwenda Uganda au Rwanda kwa njia za panya kwa sababu tu ng'ambo panaonekana karibu.

Usioge wala kufua ndani ya mto Kagera. Mamba haonekani mpaka amekaribia. Kwenye maziwa na mabwawa yenye maji yaliyotulia kuna hatari ya kichocho. Lala ndani ya chandarua.

Usiingie mapangoni kwenye popo. Machi 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg mkoani kwetu Kagera, ukamalizika Juni mwaka huohuo. Januari 2025 ulitangazwa mwingine wilayani Biharamulo, ukamalizika Machi. Popo wanaokula matunda na kuishi mapangoni ndio wanaojulikana kubeba virusi hivyo. Ukipata homa kali baada ya safari, nenda kituo cha afya na useme ulikokuwa.

Neno kwa wenyeji

Utulivu tunaousifu una wenyewe. Kijiji kinachopata faida kutokana na mgeni huwa na sababu ya kuulinda msitu na chemchemi yake. Kisichopata chochote kitabaki na taka na kelele. Kwa hiyo mgeni, nunua ndizi na mayai palepale, lipa mwongozaji wa kijiji, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na rudi na chupa zako za plastiki.

Na wewe mwenyeji mwenye chumba cha ziada: godoro safi, choo safi, maji ya kunawa na bei isiyobadilika vinatosha kuanzia. Andika jina la mgeni kwenye daftari na umjulishe mwenyekiti. Usimtoze mgeni mara mbili ya jirani yake. Mahali padogo hutangazwa kwa mdomo, na mgeni aliyeibiwa ana mdomo pia.

Mapumziko si anasa ya matajiri. Mkulima aliyemaliza mavuno ya kahawa, mwalimu aliyesahihisha mitihani na muuguzi aliyekesha zamu wote wanayahitaji. Ukipanga mapema na kuchagua padogo, unaweza kurudi nyumbani umechangamka, na ada ya Januari ikiwa bado iko mahali pake.